Mifuko Kumi na Miwili Chini ya Kitanda

Mtaani walimwita Mama Vifungo kwa sababu hakuwahi kutupa kifungo. Alishona sare za shule kwenye kibaraza cha duka la vitambaa, na nguo ikichakaa hadi kuwa tambara, alikata vifungo vyake kwanza akavitia kwenye kopo. Mumewe, fundi mwashi, walimwita Pimamaji. Ukuta wake ulisimama wima hata pale mwenye nyumba alipokuwa hajali.

Waliishi na binti yao katika chumba kimoja cha kupanga. Pembezoni mwa mji walikuwa na kiwanja, na kwenye kiwanja msingi wa chumba kimoja, mabati machache yaliyokwishatumika, na rundo la matofali ya kuchoma ambayo Pimamaji alipewa na tajiri mmoja aliyeshindwa kumlipa. Majani yalikuwa yameanza kuyameza matofali. Kilichokosekana ni saruji.

Mwaka ule bei zilipanda kama homa. Pesa aliyoifunga Mama Vifungo kwenye ncha ya kanga mwanzoni mwa mwezi, ilipofunguliwa mwishoni, ilinunua pungufu. Tena pesa haikukaa nyumbani, kwani Pimamaji alikuwa na mkono mwepesi. Fundi mwenzake aliyekosa kazi alikuwa akija tu, anakaa kizingitini, anaguna mara mbili, na haondoki mikono mitupu. Mama Vifungo alimpenda mumewe kwa jambo hilo, na kwa jambo hilo hilo hakulala usingizi mzuri.

Basi akaamua kununua mfuko mmoja wa saruji kila mwezi, kwa bei ya mwezi huo, na asimwambie. Mfuko wa saruji hauombwi kizingitini.

Alimwambia mumewe kwamba wateja wanamletea majora ya vitambaa na hana pa kuyaweka, kwa hiyo ainue kitanda. Pimamaji akakiinua juu ya matofali, akaweka pimamaji yake ubavuni kuhakikisha kitanda hakilali upande. Mifuko ililetwa mchana, yeye akiwa kazini, na msukuma mkokoteni aliyekuwa na maneno mengi.

"Mama Vifungo, siku hizi unashona suti za saruji? Mteja wako akinyeshewa, si ndiyo basi tena?"

Alimpa chai ili anyamaze. Kila mfuko aliuzungushia nailoni, akaulaza sakafuni, akashusha shuka hadi chini. Katika nyumba nyingine vumbi la kijivu lingemsaliti. Katika nyumba hii vumbi hilo liliingia kila jioni na mume, kwenye nyusi, kwenye mikunjo ya shingo. Hakuna aliyeliuliza limetoka wapi.

Mfuko wa tatu ulikuwa nauli zake. Alikwenda kazini kwa miguu mwezi mzima. Wa sita na wa saba ilikuwa miwani ambayo hakuinunua. Akawa anamwita binti amtungie uzi sindanoni, huku akisingizia mwanga hafifu.

Kisha, mfuko wa mwisho ukiwa umeshaingia, miradi ya ujenzi ikasimama, mmoja baada ya mwingine, na Pimamaji akaanza kushinda nyumbani. Alikaa kizingitini kama wale wenzake. Mwezi wa pili wa hali hiyo, Jumamosi asubuhi, mwenye nyumba wao alikuja akakataa kiti, akasema kuanzia tarehe moja kodi itaongezeka kwa nusu. Asiyeweza aseme mapema, chumba kina watu wanakisubiri. Zilibaki siku kumi na tisa.

Alipoondoka, Pimamaji alitazama mikono yake. Ndipo mkewe, kwa furaha aliyoibeba mwaka mzima peke yake, akapandisha shuka.

"Kumi na miwili," alisema. "Matofali tunayo. Fundi ninaye. Siku kumi na tisa hazikutoshi?"

Pimamaji alipiga magoti. Alipapasa mfuko wa chini kwenye kona, mahali ambapo saruji nzima hubonyea kidogo. Akaugonga kwa kifundo cha kidole. Mama Vifungo alikuwa akimtazama usoni, akaona uso ukizimika kabla hajaelewa ule mlio.

"Huu wa chini ulinunua lini?"

"Mwaka jana. Wakati wa mvua."

"Mama, saruji haikai hivi. Miezi mitatu, tena juu ya mbao, mbali na ukuta. Sakafu hii inatoa jasho."

"Nilifunga nailoni."

"Nimeona."

Aliitoa yote, mmoja mmoja, akaipanga uani. Tisa ilikuwa jiwe tupu, na alama za nailoni zilizochapwa ubavuni. Mmoja ulikuwa na mabonge. Miwili, ya miezi ya karibuni, ilimwagika laini kama unga. Miwili haijengi chumba.

"Ungeniuliza," Pimamaji alisema. Hakupandisha sauti.

"Ningekuuliza, pesa ungewapa wenzako."

"Ningewapa," alisema.

Walihamia chumba kidogo zaidi, nyuma ya mashine ya kusaga, ambako kitanda kilibaki kimeegemezwa ukutani mchana ili mlango ufunguke. Yale mawe tisa Pimamaji aliyapeleka kiwanjani. Alisema yakipasuliwa yatafaa kuwa kifusi chini ya sakafu, siku sakafu ikija. Msukuma mkokoteni ni yule yule. Safari hii hakutania, na chai hakuitaka.

Jumapili mume na mke walikaa ndani ya msingi, kila mmoja na nyundo. Mama Vifungo alipiga hadi kiganja kikachubuka. Hakuona vizuri mahali pa kupiga, na vipande vilirukia kando.

"Huu ndio wa miwani?" Pimamaji aliuliza. Mkewe alikuwa ameshamweleza kila mfuko ulitokana na nini.

"Sijui. Yote imefanana."

"Usiache makubwa hivyo," alisema mumewe, akimsogezea kipande kilichoruka. "Sakafu itabonyea."

Akakipiga tena.