Siku Niliyomnyamazisha Zuwena

Mwanangu, iko siku moja naikumbuka hata nisipotaka kuikumbuka. Ilikuwa alasiri, Kigombe, kwenye harusi ya binti wa jirani yetu. Wanawake tumejaa chini ya turubai, tumejifukiza udi mpaka macho yanawasha, na kikundi cha taarabu kimeletwa kutoka Tanga mjini. Mie nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimeolewa mwaka wa nne huo, sina mtoto. Hilo la mtoto ndilo lililonitia wazimu.

Safu ya mbele yangu alikaa Zuwena, amempakata binti yake mchanga, Rukia. Zuwena alikuwa shoga yangu tangu tukiwa wadogo, tunaanika dagaa na mama zetu. Tulichezwa unyago pamoja, tukaolewa mwaka mmoja. Na tuliimba pamoja. Pale kijijini kulikuwa na ngoma ya akina mama, na bibi yangu mzaa mama ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Zuwena anaanzisha, mie na wenzangu tunaitikia. Wala sikuona vibaya kuwa wa kuitikia, maana sauti ya Zuwena, mwanangu, we acha tu. Eda ikiisha, mjane akitolewa nje, ni Zuwena aliyekuwa anaitwa aje amwimbie. Nimeona kwa macho yangu mjane ambaye miezi minne hakufungua kinywa, siku ile analia, anacheka, anaomba uji.

Sasa, wiki moja kabla ya harusi, wifi yangu, dada wa mume wangu, alinijia jikoni na maneno. Ati Zuwena kasema kisimani kwamba tumbo langu ni bure, na mume wangu angekuwa na akili angekwishaoa mwingine. Sikuuliza mara mbili. Nyumba ya Zuwena ilikuwa ya tatu kutoka yangu. Ningevuka uchochoro tu nikamwambia, "Shoga, nimesikia hivi, ni kweli?" Sikwenda. Niliyaweka moyoni wiki nzima.

Nyinyi wa siku hizi mnarushiana maneno kwenye simu. Sisi tulikuwa na njia yetu. Mwimbaji akifika kwenye ubeti unaomgusa mtu wako, husemi kitu. Unainuka na noti yako, unacheza taratibu, unapita mbele ya huyo mtu, unampepea noti usoni, ndipo unakwenda kumtunza mwimbaji. Hujataja jina, hujafungua kinywa, lakini turubai zima limesikia.

Basi mwimbaji akafika mahali anasema, "Nilikupa siri yangu, ukaipeleka sokoni." Nikainuka.

Zuwena aliponiona naja alitabasamu, masikini. Alidhani namfuata tukacheze. Alianza hata kumpa jirani yake mtoto ili asimame. Nikampepea noti usoni, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, huku namtazama machoni. Lo! Vigelegele vilivyopigwa! Wanawake walisimama juu ya viti waone. Mie nikaenda zangu kumtunza mwimbaji, nimevimba kichwa, najiona nimekuwa mtu. Nilipogeuka, Zuwena alikuwa ameshamchukua mtoto wake anatoka. Mtandio ulimwanguka njiani na hakurudi kuuokota.

Asubuhi bibi yangu aliniita. Alikuwa mkali yule, mkono wake mwepesi, nikajua leo kofi langu. Hakunipiga. Aliniuliza tu, "Zuwena amekufanya nini?" Nikamweleza. Akasema, "Ulimwuliza?" Nikatikisa kichwa.

"Ungemtukana kwa kinywa chako," akasema, "angekutukana na yeye, mkavutana nywele, kesho mkacheka. Sasa umemtukana kwa wimbo mbele ya kijiji kizima. Akujibu kwa kitu gani? Yule kuimba ndiko kupumua kwake, na umekwenda kumtia sumu humo humo. Nenda leo. Kamwangukie."

Nikasema nitakwenda Ijumaa. Ijumaa ikaja, nikaona haya. Nikasema tufunge kwanza, Idi nitampelekea chakula. Idi ikapita. Ndivyo haya ilivyo, inakuomba siku moja moja mpaka inakula miaka.

Mwaka uliofuata tulikuwa tunachagua mchele, mie na wifi yangu yule yule, akaanza kucheka peke yake. "Wifi, unakumbuka maneno ya kisimani? Mbona niliyasema mimi! Zuwena alinigombeza mpaka nikakasirika, nikasema ngoja nikuletee wewe kama kayasema yeye." Akaendelea kuchagua mchele wake. Hata hapo, mwanangu, nikiwa nimejua ukweli wote, sikwenda. Niliona nikienda sasa itabidi niseme kwamba nilikuwa mjinga mwaka mzima. Nikachagua kuendelea kuwa mjinga.

Zuwena hakuimba tena. Wenzetu wa ngoma walimfuata, wakambembeleza, bibi yangu alikwenda mwenyewe na mkongojo wake. Alisema kifua kinamsumbua. Ngoma yetu ikafa pole pole, na wajane wakawa wanatolewa eda kwa kaseti. Baadaye mumewe akapata kazi Tanga mjini wakahama. Tukawa tunakutana misibani, tunapeana ncha za vidole, "Hujambo?" "Sijambo," basi. Mie mume akaja akaoa mwingine kweli, na mtoto sikupata. Nakuita mwanangu nawe sikukuzaa. Nivumilie.

Mwaka jana, mchana, nikasikia hodi. Mwanamke mtu mzima, amevaa baibui, macho mekundu.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Mimi Rukia. Binti yake Bi Zuwena."

Nilikaa chini kabla yake. Akanieleza kwamba mama yake amepigwa na kiharusi, mkono wa kulia umekufa, na kusema hasemi kabisa. Mtaalamu wa mazoezi wa hospitali amewaambia kwamba wako wagonjwa ambao maneno yanawapotea lakini nyimbo zinabaki, na mtu akiimbishwa nyimbo za ujana wake huenda maneno yakarudi kwa njia hiyo. "Lakini sisi hatuzijui," Rukia akasema. "Mama hajawahi kuimba nyumbani. Mimi sikuwahi kumsikia akiimba hata kumbembeleza mtoto. Shangazi ndiye aliyetuambia kwamba zamani mama alikuwa mwimbaji, na kwamba wewe uliimba naye."

Hakujua, mtoto wa watu. Alikuja kuomba msaada kwa mtu aliyeiba kile anachokitafuta.

Nikachukua kanga zangu nikaenda. Rukia amepanga vyumba vya uani katika jumba moja la zamani Raskazone, huko Tanga mjini, bahari iko karibu lakini pale ndani huioni. Zuwena alikuwa kitandani, mdogo, mdomo umekwenda upande. Rukia akamwambia, "Mama, rafiki yako wa Kigombe huyu." Akanitazama. Kisha akageuza uso ukutani.

Nilitaka kukimbia, wallahi. Nikakaa kwenye mkeka. Nikachagua wimbo wetu wa wanawake wabeba mizigo. Mwanzishaji anataja mzigo wake na alikotoka nao, wenziwe wanamwambia atue. Nikafungua kinywa, nikakuta najua kuitikia tu. Maneno ya mbele yote yalikuwa yake, alikuwa anayatunga pale pale, kila siku mapya. Nikaimba lililo langu, "Tua, mama, tua," nikanyamaza kiasi cha zamu yake, nikigonga kitanda kwa vidole, nikaimba tena. Hivyo hivyo mpaka koo likakauka. Zuwena hakugeuka.

Nilikwenda kila siku, kwa basi mpaka mjini kisha bajaji, na magoti yangu haya. Siku tano nimeimbia mgongo wa mtu. Siku ya sita, niliponyamaza kumsubiri, sauti ilitoka kule ukutani, nyembamba, yenye mikwaruzo. Neno moja. "Mwera." Ndiko alikozaliwa mama yake. Nikaitikia haraka, "Tua, mama, tua." Akasema tena, akiimba, "Nimetoka nao Mwera."

Rukia aliangusha sufuria huko nje. Alikuja mbio akapiga magoti. "Mama! Kumbe una sauti hii?" Analia, anamshika mama yake miguu. "Maisha yangu yote nakaa nawe, kumbe una sauti hii?" Mie nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Baada ya hapo akawa anaimba haja zake. Akitaka maji anaimba maji, mgongo ukimuuma anauimba. Majirani wa uani, wengine hata salamu walikuwa hawapeani, walianza kuja jioni kukaa mlangoni wanaitikia. Akawaimba wanawe na wajukuu, mmoja mmoja, kwa majina. Jina langu hakuliimba.

Siku moja Rukia alikwenda sokoni, tukabaki wawili. Nikamwambia, "Zuwena, niliambiwa uongo nikauamini. Ukweli niliujua zamani, nikaona haya kuja. Nisamehe." Akanitazama muda mrefu. Machozi yalimtoka. Akafungua mdomo, akahangaika, maneno hayakuja. Nikamwambia, "Imba, shoga. Imba hata kama ni matusi." Akafunga mdomo. Kabla ya mwezi wa Ramadhani kiharusi kikamrudia, na hicho hakikumpa nafasi. Mpaka leo sijui alitaka kuniambia nini, na hakuna wa kumwuliza.

Tulipomaliza matanga Rukia alinifuata na simu yake. "Mama mkubwa, niimbie zile nyimbo za mama nizirekodi, wanangu wasizikose." Nikakaa sawa, nikasafisha koo. Nikaimba kiitikio. Nikanyamaza. Nikaimba kiitikio kingine. Akaniuliza, "Na maneno ya mama?" Nikamwambia sina. Alizima simu taratibu, akanishukuru kwa adabu, akaenda jikoni. Sauti ile ya ujana wa Zuwena, iliyokuwa inafufua wajane, hakuna mtu aliyenayo.

Kwa hiyo nakwambia waziwazi, mwanangu. Wimbo unaingia mahali ambapo maneno hayafiki, nimeona ukimtoa mtu alikokuwa amefungiwa. Basi usiutie uchungu wako ukamrushia mwenzio, maana utaingia huko huko na hutaweza kuutoa. Ukiambiwa jambo na mtu, vuka uchochoro ukaulize. Ukikosea, nenda siku hiyo hiyo, usisubiri Ijumaa. Na imba nyumbani kwako, hata kama sauti yako mbovu, wanao wakujue. Mie kila nikioga, kila nikipeta mchele, naanzisha mie sasa, kwa maneno yangu mwenyewe, na hakuna wa kuitikia.

Mungu akupe shoga wa kweli, na akupe moyo wa kumwamini kuliko maneno ya jikoni. Akujaalie ukiwa kitandani hujiwezi, mlangoni pako pajae watu wanaozijua nyimbo zako. Amin, mwanangu. Nenda salama.