Fungu la Kwanza la Gunia

Juma lililopita, katika kiwanda kimoja cha kuchambua pamba hapa Bariadi, niliona jambo ambalo mpaka sasa linanisisimua mwili.

Mama mmoja kutoka kijiji cha Mwandoya alichagua pamba pale kwa mikono miaka mingi, akitenga safi na chafu. Msimu uliopita walimfungia kamera juu ya meza, akadhani ni ya kunasa wezi. Kumbe ilikuwa inasoma vidole vyake! Sasa kazi yake inafanywa na mkono wa chuma unaoongozwa na kompyuta, na siku hiyo aliitwa aseme kama umejifunza sawasawa.

Mkono ulitupa pamba chafu, tena kwa kukung'uta kulekule kwake. Lakini kila gunia lilipofunguliwa, ulichota fungu la kwanza, jeupe safi, ukaliweka pembeni.

"Mayu, hili kosa limetoka wapi?" akauliza fundi wa mashine kutoka Dar, akimwita mama kwa Kisukuma. "Hiyo si pamba nzuri?"

Mama alijishika mdomo.

"Siyo kosa," akasema polepole. "Fungu la kwanza ni la marehemu mama yangu. Naye alimtengea mama yake; ndivyo alivyonifundisha."

"Basi nalifuta. Dakika mbili tu."

"Mimi mmeshanitoa. Na yeye mnamtoa?"

Jamani! Miaka yote hiyo mabosi walipita mezani kwake wasione kitu. Mashine imeiona desturi yake kwa msimu mmoja, nasi tukaiita kosa.

Fundi alibonyeza. Gunia lililofuata likapita lote.