Nyimbo za Tarumbeta kwa Vidole vya Dobi

Dobi alikuwa mama wa makamo aliyefua shuka za hoteli na makoti ya madaktari, na mikono yake ilinukia wanga hata siku ya mapumziko. Chumba chake cha pasi kilikuwa na meza mbili: moja ya mbao, ya pili piano. Ndiyo, piano! Marehemu mumewe aliinunua bendi ya kina kaka yake ilipovunjika, na mchana kutwa ilibeba shuka zilizokunjwa bila kulalamika. Kazi ikiisha, Dobi alizihamisha shuka, akafunua mfuniko, akapiga.

Alipiga jazi, tena za mtu mmoja tu: shemeji yake, kaka mkubwa wa marehemu, mzee ambaye mtaa mzima ulimwita Tarumbeta. Nyimbo hizo mzee alizitunga zipigwe na watu saba, na hakutaka kusikia hesabu nyingine. Alipoambiwa kwamba Jumamosi Dobi atazipiga peke yake kwenye ukumbi wa mtaa, alisema labda wamzike kwanza.

Ijumaa akaja mwenyewe, fimbo mbele, maneno nyuma.

"Shemeji, hivi ni kweli? Ngoma atapiga nani?"

"Mkono wa kushoto."

"Na tarumbeta?"

"Wa kulia. Kaa basi, usije ukaegemea pasi."

"Sikai. Nimekuja kukataza."

"Kataza, lakini sikiliza kwanza. Ukisema hapana, naenda kuwaambia wafunge ukumbi."

Alisema hivyo akitabasamu, ila hakutania. Hakuwa mtu wa kumvunjia heshima shemeji yake, na kuzipiga nyimbo zile mbele za watu ndicho kitu alichokitamani kuliko vyote.

Akachagua ule wa harusi yake. Zamani ulikuwa wa kurukaruka; yeye aliupunguza mwendo ukawa kama mtu anayetembea barabarani mvua ikishakatika, hana haraka na mtu. Katikati palikuwa na sauti moja iliyopinda, iliyoteleza kidogo kisha ikajirudi. Hiyo Dobi aliipenda mno. Akaipiga chini, akaipiga juu, akaizungukazunguka.

Fimbo ikagonga sakafu. "Simama! Hiyo umeitoa wapi?"

"Kwako. Uliipiga siku ya harusi yetu."

"Hiyo sikuitunga, shemeji! Hilo ni jino!"

"Jino?"

"La mbele! Lilikuwa linalegea, mdomo ukateleza, nikaumbuka mbele ya wakwe. Miaka yote hii naomba watu wawe wamesahau!"

Dobi akashika mdomo. Kumbe alikuwa akilipiga jino la shemeji kwa heshima zote, tena mara sita katika wimbo mmoja! Kicheko kikamtoka. Mzee akajaribu kununa, shavu likamsaliti, naye akacheka mpaka akajikuta ameketi juu ya kikapu cha nguo chafu.

"Mume wangu aliniambia wewe hukosei," Dobi akasema.

"Alikuwa ananipenda tu, mwongo yule." Akajifuta macho kwa foronya ya hoteli. "Wale wenzangu sita walinifichia. Mpiga ngoma aliponda kwelikweli ili lisisikike. Wewe umelikalisha mbele kama bibi harusi."

"Nilitoe?"

"Ukilitoa, kesho usinione ukumbini. Haya, rudia tangu mwanzo. Na ukifika kwenye jino, usikimbie."

Hoteli ilicheleweshewa shuka zake siku hiyo, na haikuambiwa kwa nini.