Nilienda private na gego bovu, nikarudi bila jino la mbele

Wakuu, salaam. Wakubwa zangu humu ndani, shikamooni.

Leo sileti habari ya jirani. Hili limetokea ndani ya kinywa changu mwenyewe, na anayetaka ushahidi aje Dongobesh nimchekee tu, ataamini.

Nijitambulishe kidogo. Mimi ni MC. Harusi, send-off, kipaimara, hata kumuaga mwalimu anayehama, ukiniita nakuja na spika zangu. Kwa Kiswahili fasaha kazi yangu inaitwa mshereheshaji. Likumbukeni hilo neno, litanitesa huko mbele.

La pili: meno yangu ni ya kahawia. Yaliota hivyo kwa sababu ya maji tuliyokunywa utotoni. Nilikulia upande wa Basotu, wilaya ya Hanang, na darasa zima tulikuwa hivyo. Meno magumu, ila rangi ni ya chai ya rangi.

Kwetu hakuna anayeshangaa. Lakini tangu watu waanze kurekodi harusi kwa simu, nikawa najiona kwenye video. Nikaanza kucheka nimeziba mdomo kwa mkono. Mtu mzima wa miaka arobaini na sita! Ujinga mtupu.

Sasa gego la chini kushoto likaanza kuuma. Uji moto linauma, maji baridi linauma, na Jumamosi nilikuwa na harusi Endasak.

Nikaanza na kituo cha afya cha serikali. Foleni tangu asubuhi, wahudumu wanakupita kana kwamba wewe ni sehemu ya benchi. Nilipoingia, mhusika hakuinua hata uso.

"Vifaa vya kuziba hatuna. Hapa tunang'oa tu. Unang'oa, hung'oi?"

Nikasonya, nikatoka.

Nyumbani nikamtangazia mke wangu, Mama Eliya, kwamba serikali wakatibu mbuzi, mimi naenda private. Akaniuliza kwa upole, "Huyo daktari wa private unamjua?"

Nikamjibu kwamba kliniki ina vigae. Naapa wakuu, ndivyo nilivyojibu.

Mji sitautaja wala kliniki sitaitaja. Ila vigae vilikuwepo kweli. Viatu unavua mlangoni, sofa unazama mpaka magoti yanakaribia kidevu, TV ukutani, na dada wa mapokezi anakuita "mteja wetu". Nikajiona mtu. Nikawacheka moyoni wale niliowaacha kwenye foleni.

Daktari mwenyewe kijana, mgeni wa mikoa yetu, koti limepigwa pasi mpaka linakata, manukato yanamtangulia. Hata shikamoo hakutoa. Nikamwambia mimi ni MC na Jumamosi nina harusi, nikamwonyesha gego kwa kidole.

Hakuliangalia. Macho yake yaliishia kwenye meno ya mbele.

"Aisee mzee! Haya yote manne yameoza."

"Lakini daktari, linalouma ni hili la nyuma."

"Mishipa imeungana, mzee. Uozo uko mbele, maumivu yanakimbilia nyuma."

Hapa niwaambie kitu. Meno hayohayo ya mbele wiki ile ile nilikuwa nimemenyea muwa. Sasa jino lililooza linamenya muwa? Hilo swali nimejiuliza baadaye sana. Pale niliitikia tu, maana kwetu ukishafika kwa daktari unaona ni utovu wa adabu kumbishia.

Halafu akasema neno lililonimaliza. "Tunatoa moja moja, tunaweka meupe. Kwa kazi yako ya MC utapendeza."

Meupe! Nikaachama mdomo mwenyewe.

Ganzi, koleo, mtoto wa watu akaanza kuvuta. Jino lilimtoa jasho, manukato yote yakaisha. Jino bovu haling'ang'anii hivyo, lakini mimi nilikuwa nimefumba macho nawaza video za harusi. Likatoka. Akaniambia nirudi baada ya wiki mbili kwa la pili.

Sijafika hata Dongobesh, ganzi ikaisha. Gego likaendelea kuuma pale pale lilipoishia.

Jumamosi, Endasak. Ukumbi umejaa, wazee wamekaa mbele. Nikashika kipaza sauti nijitambulishe: mshereheshaji wenu.

Ukatoka mluzi.

Nikarudia. Ukatoka mluzi mrefu zaidi, na spika zangu mwenyewe zikaukuza. Nikaona niharakishe kwa wazee, niwape shikamoo. Hiyo huwezi kuiruka, heri usahau keki. Nayo ikatoka mluzi. Wakuu, kwetu anayepigiwa mluzi ni ng'ombe.

Babu wa bibi harusi akageukia wenzake, na hakupunguza sauti: "Huyu anaendesha harusi au anatupeleka kunywa maji?"

Ukumbi ukaanguka. Maharusi wenyewe walicheka mpaka wakafutana machozi. Mimi nikasimama na gego linagonga na pengo linapuliza, nimeaibika kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Wiki ile kamati mbili zikanipigia kwamba wamepata MC mwingine. Kazi yangu yote iko mdomoni, na mdomo nilikuwa nimemkabidhi mtu kwa sababu ya vigae.

Jumatatu Mama Eliya hakuniuliza. Alinipakia kwenye gari, tukaenda hospitali ya serikali ya wilaya.

Foleni ileile. Nikakaa kwenye benchi na wale niliowacheka.

Ndani nikamkuta tabibu wa meno, binti mdogo, barakoa usoni. "Shikamoo baba," akasema kabla sijakaa. Akachukua kioo chake chenye mpini, akaanza kugonga jino moja moja. "Niambie likiuma."

Mbele, kimya. Kimya. Kimya. Alipofika kwenye gego niliruka nikataka kuangusha taa.

"Hili ndilo bovu. Linazibika," akasema. "Hili la mbele lilitolewa kwa nini?"

"Lilikuwa limeoza."

"Liliuma, baba?"

"Hapana."

"Lilikuwa na tundu?"

"Hapana."

"Au lilikuwa na rangi hii?"

Akashusha barakoa, akatabasamu.

Kahawia tupu! Mtoto wa Hanang kabisa. Machozi yalinitoka, nikasingizia gego.

Msidhani naisifia serikali. Katikati ya kuziba umeme ulikatika, nikakaa nimeachama kama kifaranga mpaka jenereta likawaka. Na yule wa kituo cha afya bado namdai uso, aliinamia daftari muda wote. Lakini gego liliacha kuuma siku ile ile.

Somo langu ni fupi. Private kuna wahuni na serikali kuna wavivu, na kote kuna wanaojua kazi. Usimpime daktari kwa sofa. Mwangalie kama anagusa jino linalouma kabla hajazungumzia lingine. Na kwa watu wa huku, muulize kwanza: meno ya maji yetu umewahi kuyaona?

Nyie mmetibiwa wapi meno, na mlimjuaje daktari mzuri? Shusheni hapo chini. Wale wa kunicheka, foleni yenu ni ile ndefu.

Ah, la jino bandia. Binti alinipangia, na siku yenyewe akaniletea kibao cha rangi za meno nichague. Nikatafuta ya kahawia, nikageuza kibao, nikatafuta na nyuma. Akasema, "Baba, yetu hawatengenezi. Iliyo karibu ni hii," na hiyo ya karibu inang'aa kama sahani mpya.

Mshereheshaji sasa natamka vizuri. Kazi zinarudi, ila Dongobesh nzima wananiita MC Taa Moja.

Nilitaka meno meupe, wakuu. Ninalo.