Kumbukumbu za Kikao Kilichopita

Mama mdogo wangu ni mpiga chapa wa kamati ya afya ya bunge. Kwa miaka ishirini na miwili ameandika ya wengine bila kutia neno lake, na waheshimiwa humwita Bubu. Hakasiriki. Husema yeye analipwa kusikiliza, wenzake wanalipwa kupiga kelele.

Mwaka ule kelele zilikuwa juu ya kifungu cha tisa cha muswada wa bima ya afya. Kikipita, wagonjwa wa figo wangesafishwa damu mara tatu kwa wiki badala ya mara moja. Kwetu hayo hayakuwa mambo ya magazetini. Mama yangu, dada yake mkubwa, alikuwa mmoja wa hao wa mara moja, na ikifika siku ya tano miguu ilimvimba hata ndara hazimwingii. Nilikuwa naogopa, sifichi.

Kichekesho ni kwamba Mama alikuwa mtu wa upinzani kufa na kupona, na upinzani ndio uliokipinga kifungu. Mkakati wao ulijulikana hata na mfagizi: vuta maneno mpaka Ijumaa bunge lifungwe, serikali iende kwenye uchaguzi mikono mitupu. Serikali nayo ilikataa kubadili hata koma, ili wenzao waonekane hawana huruma. Mama alilala na kofia ya chama kichwani akisema, "Afadhali nivimbe kuliko kuponywa na wale."

"Kofia kaa nayo, dada," Mama mdogo alimjibu. "Lakini figo hazina kadi ya chama."

Kamati ile ina utaratibu wake. Kabla ya lolote, mpiga chapa husoma kwa sauti kumbukumbu za kikao kilichopita, kisha viongozi wa pande mbili hutia sahihi. Majina ya wasemaji hayaandikwi, maana kila mtu anaogopa wakubwa wa chama chake. Huandikwa "Serikali" na "Upinzani", basi.

Alhamisi akasoma, kama alivyonisimulia mwenyewe. Serikali ilisema kusafishwa mara tatu ni haki ya mgonjwa. Upinzani ulisema hizo ni ndoto za mchana, mashine ziko wapi? Upande wa serikali ukagonga meza kwa furaha. Kiongozi wa upinzani, daktari wa meno wa zamani, akadakia, "Naam, na leo narudia: ndoto za mchana!" Sahihi zikatiwa.

Hapo ndipo Mama mdogo alipofunga jalada na kuona tarehe juu yake. Lilikuwa la miaka minane nyuma, wakati wapinzani hawa ndio walioshika serikali. Alikuwa amelitoa kabatini kulinganisha vifungu, akabeba lisilo lenyewe. Mpaka leo anaapa kwamba alikosea. Mimi ninachojua ni kwamba hajawahi kukosea hata nukta.

"Samahani, waheshimiwa," alisema, na shingo zote zikageuka, maana Bubu amesema. Akawasomea tarehe.

Daktari wa meno akavua miwani. "Kumbe mara tatu tulisema sisi?"

"Ninyi, mheshimiwa."

"Na ndoto za mchana?"

Mama mdogo akatazama upande wa serikali kwa adabu zote. Kiongozi wao, mwanasheria mwenye sauti ya tarumbeta, alianza kucheka, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Daktari wa meno alijikaza, akashindwa, naye akaangua kicheko.

Baada ya hapo walizungumza kama watu. Upinzani ulikubali kifungu, mradi mashine zianzie hospitali za wilaya. Serikali ikakubali, mradi kipite kesho yake. Hayo yalichukua nusu saa. Saa tatu nzima zilizobaki walibishania nani atangulie kutajwa kwa waandishi wa habari.

Wiki ya kwanza ya sheria mpya tulimpeleka Mama kwa mara ya tatu. Viatu vilimwingia. Alikaa kwenye kiti cha mashine, kofia kichwani, akatukazia macho.

"Hii ya tatu imeletwa na nani?"

Nilitaka kusema ni wote. Mama mdogo akaniwahi.

"Na chama chako, dada. Miaka minane iliyopita. Kumbukumbu ninazo."

Mama akaiweka sawa kofia yake.

"Nilijua tu," akasema, akamnyooshea muuguzi mkono.