Jumamosi Tuliyopungukiwa na Mtu Mmoja

Mwenzangu wa wodini, Mkenya kama mimi, hakunielewa hata kidogo. "Wewe, off yako yote unaenda kuosha vikombe vya wazee?" alikuwa akinicheka. "Si ulale tu! Ama wamekupromise mchumba?" Nilikuwa nikimwambia afunge mdomo, kwa sababu mimi tangu utotoni sina subira na watu wanaouliza swali huku wanacheka. Lakini swali lenyewe lilikuwa la haki. Msichana wa Kikuyu, aliyebatizwa na kulelewa Presibiteri, alikuwa akitafuta nini Jumamosi baada ya Jumamosi katika jiko la sinagogi?

Jibu ni nyumba. Nilipochoka na bweni la wauguzi, nilizunguka Birmingham nikitafuta chumba cha kupanga, na kila nilipobisha mlango niliambiwa kimeshachukuliwa, huku tangazo bado limebandikwa dirishani. Nilikuwa nimeanza kuzoea kudanganywa kwa adabu, hadi nilipofika kwenye nyumba moja ya matofali mekundu kule Aston, katika safu ya nyumba zilizobanana ukuta kwa ukuta. Aliyefungua alikuwa mama mfupi mwenye aproni. Hakuniuliza nimetoka wapi. Aliniuliza kama nimekula.

Basi nikakaa kwake, chumba cha juu. Mumewe alikuwa fundi cherehani, mzee mpole aliyekuja Uingereza kabla ya Vita vya Pili vya Dunia na kuwaacha nyuma jamaa zake wote, ambao hakuwaona tena. Yeye nilimwita Mzee, na mkewe nikamwita Mama, na neno hilo alilipenda hata akawa anawasahihisha Waingereza waliomwita kwa jina la ukoo. Hawakuwa na mtoto. Mama ndiye aliyeendesha jiko la sinagogi yao, jengo dogo mtaa wa pili, lililobanwa kati ya gereji na duka la mkaa. Hakulipwa, na mimi niliyemfuata sikulipwa. Nilijifunza sahani zipi ni za nyama na zipi ni za maziwa, na kwamba ukizichanganya unawaharibia watu wiki nzima.

Nilijifunza pia kusikia yasiyosemwa. Siku ya Sabato, tangu jua la Ijumaa linapotua mpaka la Jumamosi linapotua, hawawashi moto wala taa, hawapigi simu, hawaendeshi gari, na hawaruhusiwi kumwomba mtu mwingine awafanyie hayo. Lakini mtu akisema tu, akiutazama ukuta, "Humu ndani mna baridi leo," hajamwomba mtu yeyote. Mimi nilikuwa ninainuka polepole, ninawasha hita, ninarudi kukaa. Mtu mwingine angeona huo ni ujanja. Mimi nilicheka kimoyomoyo, kwa sababu bibi yangu mzaa baba alimtuma mamangu maji kwa mtindo huohuo kwa miaka yote: alizungumza na kuku, mamangu akiwa karibu asikie.

Mama alikufa kwa saratani, wakati wa baridi. Nilimuuguza mwenyewe kila nilipotoka zamu, na mwishoni nilikuwa nikimgeuza kitandani kwa mkono mmoja, kwa jinsi alivyokwisha. Sitaki kuyaandika mengi ya siku hizo. Nilimpenda, akafa, na ujuzi wangu wote wa wodini haukumwongezea hata wiki moja.

Mwaka ulipozunguka, ikawadia siku yake. Kwao siku ya kufa mtu hukumbukwa kila mwaka, na aliyefiwa husimama sinagogi akasema sala maalumu kwa sauti. Sala yenyewe haitaji kifo wala kaburi, ni kumsifu Mungu mwanzo hadi mwisho. Ila lazima wawepo wanaume kumi, watu wazima, Wayahudi. Akipungua mmoja, haisemwi. Mzee alikuwa ameisubiri siku hiyo kama mtu anayesubiri mgeni. Alijishonea kizibao kipya cha suti, akakipiga pasi mara mbili.

Mwaka huo siku yenyewe iliangukia Sabato, na theluji iliangukia siku hiyohiyo. Zamani sinagogi ile ilijaa, lakini vijana walikuwa wameshahamia vitongoji vya kusini, kwenye nyumba zenye bustani, wakajenga sinagogi nyingine kubwa. Waliobaki Aston walikuwa wazee, na wazee hawatembei kwenye barafu. Ijumaa jioni walikuja wachache. Jumamosi asubuhi walikosekana wawili kufika kumi. Ikabaki sala ya alasiri, ya mwisho kabla jua halijatua na siku ya Mama haijaisha.

Alasiri ile nilikuwa jikoni nikipanga vikombe. Kulikuwa na kidirisha cha kupitishia chai, nami nikawaona wanaingia mmojammoja, wakikung'uta theluji. Wao hawahesabu watu. Aliyekuwa akisimamia sala alipita akiwanyooshea kidole na kutamka mstari mmoja wa Maandiko wenye maneno kumi, neno moja kwa kila mtu, ili asitaje idadi. Hili halikunishangaza. Kwetu nako watu hawahesabiwi, ni kuwaitia balaa, na tukifika kumi tunasema tisa iliyojaa. Msimamizi alifika neno la tisa akanyamaza, na lile la mwisho likabaki mdomoni mwake. Tisa yao haikujaa.

Uchungu zaidi ni kwamba barabara nzima ilikuwa imejaa wanaume. Uwanja mkubwa wa mpira haukuwa mbali, na siku hiyo kulikuwa na mechi. Maelfu walikuwa wakipita mbele ya mlango wetu, skafu shingoni, wakiimba, wakinuka bia. Msimamizi akatoka akasimama ngazini na kofia yake ndogo, akawa anawauliza wapita njia kwa sauti ya aibu, "Samahani, kuna Myahudi kati yenu?" Wengine walidhani amelewa. Kijana mmoja akamwambia, "Hapana, babu, lakini tuna golikipa Mskoti!" na wenzake wakaangua kicheko. Nilitamani kumrushia birika.

Mzee alikuja kidirishani. Hakuutazama ukuta, alinitazama mimi. "Binti yangu," akasema, "kutembea na kubisha mlango si kosa, hili naweza kukuomba. Nenda kwa fundi viatu. Mwambie tuko tisa."

Fundi viatu alikuwa rafiki yake wa siku zote, mzee asiyeoa, aliyekaa mtaa wa nyuma juu ya kibanda chake cha kazi. Kila Ijumaa, miaka nenda miaka rudi, Mama alimpelekea supu na mkate wa kusokotwa. Hakuonekana sinagogi wiki ile, tukadhani ni barafu. Nikavaa koti na kupenya katikati ya mashabiki, nikienda kinyume chao, nikisukumwa huku na huku.

Mlango wake haukuwa umefungwa. Nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, na kabla sijamsalimu nilishajua. Midomo ilikuwa ya samawati. Alivuta pumzi kwa mabega. Miguu ilikuwa imevimba, ngozi inang'aa, na nilipoigusa kwa kidole kilibaki kishimo. Niliwaona wengi wa namna hiyo wodini, na nilijua moyo ule umechoka kabisa.

"Ni leo, sivyo?" akasema. "Siku yake."

Nikamwambia ndiyo, ni leo. Nikasema wako tisa. Kwa nini nilisema? Nilitumwa kusema, nikasema. Akainuka pale pale akaanza kutafuta suruali.

"Lala, tafadhali," nikamwambia. "Huwezi kutoka nje na baridi hii. Utaanguka njiani."

"Amenilisha mwanamke yule," akanijibu, akihema kila maneno mawili. "Nipe mkono."

Suruali aliivaa. Shati alilivaa juu ya nguo ya kulalia. Kisha akavuta viatu vyake, vyeusi, alivyovishona mwenyewe, vizuri kuliko vyote vya dukani, na mguu haukuingia. Akajaribu wa pili. Akakaa akivitazama. Ukimpeleka mgonjwa yule kwenye theluji bila viatu umemuua, hilo hata yeye alilielewa.

Ndipo akageuza uso, akautazama ukuta. "Kisu cha ngozi," akasema, "kiko pale mezani."

Nilielewa. Baada ya Jumamosi zangu zote katika jiko lile, ningekosaje kuelewa? Nichukue kisu, nipasue viatu vile kwa juu, miguu iingie, nimshike mkono tutembee polepole, na Mzee apate mtu wake wa kumi. Yeye mwenyewe hakuruhusiwa kukata, wala kuniambia nikate. Nami nikasimama pale kama gogo.

"Nilikinoa Alhamisi," akauambia ukuta. "Kinakata ngozi kama siagi."

Nikajifanya sielewi. Nilikunja blanketi. Nilisogeza kikombe. Nilikuwa namnyima Mama kitu pekee kilichobaki cha kumpa. Lakini mikono yangu haikukubali kukishika kile kisu. Fundi viatu alisubiri, akaniangalia, akaelewa kwamba nimeelewa. Hakunilaumu, na hakuwa na njia ya kunilaumu bila kuvunja Sabato yake. Akalala kitandani na suruali yake, akafumba macho.

Nilikwenda kwa jirani, nikapiga simu kuita gari la wagonjwa, nikangoja naye mpaka wahudumu wakamteremsha ngazi akiwa amefunikwa. Alinishika kidole mara moja tu, akaniachia.

Niliporudi sinagogi, wote tisa waligeuka. Hawakunitazama mimi, walitazama nyuma yangu, mlango ulipokuwa ukijifunga wenyewe. Nikawaambia anaumwa, amepelekwa hospitali. Mzee akauliza kwanza kama aliumia, kama alikuwa na joto la kutosha. Nikajibu. Kisha akauliza, "Alitaka kuja?"

"Alitaka sana, Mzee."

Akatikisa kichwa, akarudi mahali pake. Wakasali kila mtu kivyake, kwa kunong'ona. Walipofika pale ambapo sala ya Mama ingesemwa, Mzee alisimama na kizibao chake kipya, kitabu mkononi, midomo imefungwa, na wengine wakaendelea mbele. Kutoka uwanjani zikasikika kelele za goli. Dirisha likawa la kijivu, halafu jeusi. Siku yake ikawa imeisha, na mimi nilikuwa nimeshika kitambaa cha vikombe, sina la kumfanyia.

Fundi viatu alikufa hospitalini siku mbili tatu baadaye. Nikamzuia asifie kwenye theluji, akafia kitandani kwa watu. Mpaka leo sijui kama nilimwokolea chochote.

Maziko yake yalikuwa ya katikati ya wiki, na nilipofika makaburini sikuamini macho yangu. Magari yalikuwa yamejipanga mpaka nje ya geti. Walitoka vitongoji vyote vya kusini, wanaume wenye makoti mazuri, ambao baba zao walivaa viatu vya marehemu na wao wenyewe walivivaa utotoni. Wangetosha kuijaza ile sinagogi ndogo na kubaki wengine barabarani. Nilisimama pembeni na wanawake, nikiwa nimekasirika hadi meno yananiuma.

Kwa kuwa marehemu hakuwa na mtoto, Mzee ndiye aliyemsemea sala. Hatimaye nikaisikia kwa sauti yake, ndefu, ikitetemeka, na wanaume wote wakiitikia kwa pamoja amina nzito. Alipomaliza hakuondoka. Alifunga kitabu, kidole kikiwa ndani pale pale penye ukurasa ule, akatazama safu ya tatu kutoka hapo, alikolazwa Mama. Akaanza kutembea kwenda huko. Alifika, akafungua kitabu, akageuka kuona nani anamfuata.

Hakuna aliyemfuata. Watu walikuwa wananawa mikono kwenye bomba la getini, wanapeana pole, wanatafuta funguo za magari. Hakuita. Hakuwa mtu wa kuita. Alisimama tu na kitabu kimefunguliwa, na wale wanaume wakaendelea kupungua.

Nilikimbia. Nilimwendea wa karibu, bwana mmoja mnene mwenye uso mwema, aliyekuwa ameshafungua mlango wa gari. "Tafadhali, ngojeni kidogo," nikamwambia. "Mzee yule, pale kwa mkewe. Anahitaji watu kumi, dakika chache tu. Tafadhali waite wenzako."

Akanisikiliza kwa heshima, akiwa ameinamisha kichwa kwa ajili ya upepo. Sijui alisikia nini katika maneno yangu. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema amesikia habari zangu, muuguzi Mwafrika, na kwamba jumuiya yao haitasahau wema ninaowatendea wazee wao. Kisha akaingia ndani, akawasha gari.