Maji ya Kifuu

Miaka ya tisini nilikaa ughaibuni, mji wa Crystal, kwa binti yangu, aliyefanya kazi ya kutunza wazee. Mlango wa pili aliishi mama mmoja wa Ghana. Kiingereza changu kilikuwa cha kuombea chumvi tu, lakini tulielewana.

Dirishani, juu ya hita, aliweka kifuu cha nazi alichochonga marehemu baba yake. Cheusi, kimeiva kwa moshi na mikono, samaki wakifukuzana kuzunguka mdomo. Kiliwahi kupasuka, na yule mzee akatoboa vitundu akaushona ufa kwa waya wa shaba. Mshono safi, hata ukipitisha kidole haukukwaruzi. Kwao mtu akifa, mtoto wake humwaga maji ardhini kwa chombo hicho huku akimwita. Siku nyingine hakiguswi.

Mimi nimekulia kwenye kata za vifuu. Nilimwambia kifuu nacho kina kiu: kichovye maji, kipake mafuta, kitoe kwenye joto. Akakataa. Alisema hicho ni cha wafu, si cha jikoni, na pale dirishani ndipo baba yake anapoota moto kwenye baridi hii. Sikubishana. Kichwa chake kilikuwa kigumu kama changu.

Januari akapigiwa simu kwamba mama yake amefariki. Kazini hawakumpa ruhusa ya kwenda kuzika. Kilichobaki kwake ni yale maji.

Mchana akaja kuniita nimsindikize. Alikijaza kifuu maji kwenye sinki, tukatoka. Tulipofika ngazini viatu vyake vilikuwa vimelowa. Mshono wa baba yake ulikuwa umeshika vilevile. Pembeni yake ndipo palipopasuka, ufa mpya toka mdomoni hadi kitakoni. Nikatia kiganja chini, nikabana. Tukashuka hivyo, hatua kwa hatua, maji yakinipenya vidoleni.

Nje ardhi ilikuwa jiwe. Alimwita mama yake, akamwaga yaliyobaki. Hayakuzama. Yalitandaa juu ya barafu, yakatulia.

"Mama," akaniuliza, "yamemfikia?"

"Sijui," nikamwambia. "Twende ndani, mikono itakufa ganzi."

Hakulia mbele yangu. Kifuu alikifunga kwenye kitambaa, sikukiona tena.

Kesho yake maji yalikuwa palepale, yamekuwa kioo, na msimamizi wa jengo akayamwagia chumvi watu wasiteleze.